Waliokufa katika Vita vya Maji Maji: Tuwakumbukie Wapi?



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mwenye duka analijua sana jambo hilo. Asipoandika leo ameuza nini na nani kakopa, kesho atabaki anajikuna kichwa. Katika somo hili tunauliza: Je, na watu nao? Wakifa bila kuandikwa popote, nao hupotea bila habari?

Tutazungumza juu ya msiba mkubwa uliowapata watu wa kusini ya Tanzania kuanzia mwaka 1905. Msiba huo ni vita vya Maji Maji, pamoja na njaa iliyofuata. Tutaona waliokufa walikuwa wangapi, wanakumbukwa wapi, na kwa nini watu hubishana juu ya mahali pa kuwakumbuka. Mwishoni tutaona jambo ambalo sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunaweza kulifanya, hapa hapa kijijini.

Somo hili lisomeni pamoja. Anayesoma vizuri awasomee wenzake kwa sauti. Kila mkimaliza sehemu moja, simameni kidogo mzungumze.

1. VITA VILIANZAJE?

Wakati ule nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Wajerumani walitaka pamba kwa ajili ya viwanda vya kwao. Kuanzia mwaka 1902 serikali yao iliwalazimisha watu wa sehemu nyingi za pwani na kusini kulima mashamba ya pamba. Mtu aliacha shamba lake la chakula, akaenda kulima pamba ya serikali. Malipo yalikuwa kidogo sana, tena mara nyingine hakuna. Juu ya pamba kulikuwa na kodi. Juu ya kodi kulikuwa na kiboko cha akida.

Basi, huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Aliwapa watu dawa ya maji. Alisema kwamba mwenye kuyapata maji yale hatadhurika na risasi. Watu walimiminika kwake kutoka mbali. Wengi walikuwa wa makabila ambayo hayakuwahi kufanya shauri moja. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, wote waliingia katika jambo moja. Ndiyo maana vita hivi vikaitwa vya Maji Maji.

Leo yako watu ambao husikia habari za maji wakacheka. Tusicheke. Ni kweli maji hayakuzuia risasi, na watu wengi walikufa kwa kuyaamini. Lakini maji yale yaliwaunganisha watu waliokuwa wameonewa kila mmoja kivyake. Hilo si jambo dogo.

Mwezi wa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete, huko Umatumbi, watu watatu waling'oa miche ya pamba. Wawili walikuwa wanaume, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Wa tatu alikuwa mwanamke, Nantabila Naupunda. Kung'oa miche ile kulikuwa kama kupiga mbiu ya vita. Yashikeni majina hayo matatu. Tutayarudia.

Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Walidhani mambo yatakwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Vita vilienea hadi Liwale, Mahenge, Songea na kwingineko. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani ya boma zilikuwamo bunduki mbili za rashasha. Watu waliokuja na mikuki na magobole walianguka kwa mamia siku ile ile.

2. NJAA ILIUA KULIKO RISASI

Watu wengi wakisikia neno vita, huona mbele ya macho mtu na bunduki. Lakini katika msiba huu, wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa.

Njaa ile haikuletwa na ukame. Ililetwa kwa makusudi. Wajerumani waliona kwamba watu wanajificha msituni, wanapigana, wanakimbia, kisha wanarudi tena. Afisa wao mmoja aliandika kuwa kupigana peke yake hakutoshi, njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Basi wakaanza kazi. Walichoma vijiji. Walichoma maghala ya nafaka. Walichukua mifugo na chakula. Walioishi maporini hawakuweza kulima wala kupanda. Msimu ukapita, na msimu mwingine ukapita.

Hebu fikirini wenyewe, ninyi wakulima. Ghala limechomwa. Mbegu zimekwenda na ghala. Hata mvua ikinyesha, utapanda nini? Mtu mzima huenda akachimba mizizi ya porini akavumilia. Mtoto mchanga je? Mama anayenyonyesha je? Kikongwe asiyeweza kukimbia je?

Mapigano makubwa yalikwisha mwaka 1907, lakini njaa iliendelea kuua hata baada ya hapo. Sehemu nyingine zilizokuwa na vijiji na mashamba zilibaki bila watu. Pori lilirudi, wanyama wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao.

3. NANI ALIHESABIWA, NANI HAKUHESABIWA?

Sasa tutazame hesabu. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Upande wa Wajerumani, waliokufa waliandikwa hivi:

Wazungu: 15
Askari wao Waafrika: 73
Wasaidizi wao Waafrika: 316

Jumlisheni mtapata 404. Ni hesabu kamili, ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu kila mtu huyo alikuwa kwenye daftari. Alikuwa na jina, na mshahara wake au posho yake iliandikwa. Alipokufa, karani alichukua kalamu akamfuta.

Haya, na upande wa watu wetu je? Serikali ya Wajerumani ilikisia kuwa walikufa watu 75,000. Baadaye mwanahistoria wa Tanzania, Gilbert Gwassa, alifanya uchunguzi wake. Yeye alikisia watu kati ya 250,000 na 300,000, pamoja na waliokufa kwa njaa.

Tazameni tofauti. Upande mmoja tunajua hata yule mtu mmoja wa mwisho. Upande wa pili, tofauti kati ya kisio moja na kisio jingine ni watu zaidi ya laki moja na nusu! Watu laki moja na nusu, hatujui kama tuwahesabu au tusiwahesabu. Si kwamba hawakuwa na majina. Kila mmoja alipewa jina na mama yake. Ila hakuna aliyeliandika.

Kwa hiyo mtu akisema, "Tujenge mnara wa kumbukumbu," swali la kwanza si mawe wala saruji. Swali la kwanza ni hili: mnara huo utamkumbuka nani?

4. MAHALI PA KUMBUKUMBU PALIPO SASA

Mahali panapojulikana zaidi ni Songea. Mji wenyewe una jina la nduna wa Wangoni, Songea Mbano. Wajerumani walipowashinda Wangoni, waliwakamata viongozi wao, wakawanyonga. Siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 27 Februari 1906. Katika kumbukumbu za Songea, mashujaa walionyongwa hutajwa kuwa 67. Wengi walitiwa katika kaburi moja. Nduna Songea ana kaburi lake peke yake. Miongoni mwa walionyongwa anatajwa mwanamke mmoja, Mkomanile, aliyekuwa kiongozi upande wa Kitanda.

Mahali hapo pana Makumbusho ya Maji Maji, yaliyoanzishwa mwaka 1980. Tangu mwaka 2010 yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, watu hukusanyika hapo. Wazee huja na ngao na mikuki. Ngoma ya lizombe huchezwa. Viongozi huweka mashada ya maua.

Mahali pengine ni Nandete, ile ile ya miche ya pamba. Huko nako upo mnara wa kumbukumbu. Tena kuna Ngarambe kwa Kinjikitile, Mohoro aliponyongewa, Mahenge penye boma, na Liwale. Sehemu hizi hazipati wageni wengi kama Songea. Barabara za kufikia baadhi yake ni za shida, hasa wakati wa masika.

Halafu kuna maporini. Huko ndiko waliko wengi, waliokufa kwa njaa. Huko hakuna jiwe, hakuna shada la maua, hakuna siku ya kukumbukwa.

5. WATU WANABISHANA NINI?

Kubishana juu ya mahali pa kumbukumbu si ugomvi mbaya. Watu wakibishana juu ya marehemu wao, maana yake bado wanawapenda. Hebu tusikilize hoja kwa zamu, kama tuko barazani.

Hoja ya kwanza ni ya mahali. Wapo wasemao kwamba Songea ndipo mahali pa taifa, kwa kuwa makaburi yapo, makumbusho yapo, na watu wamezoea kukutana pale. Wengine hujibu, "Vita vilianzia Umatumbi. Mbona sherehe zote zinakwenda kwa Wangoni? Mtoto anakua anadhani Maji Maji ilikuwa vita ya Songea tu." Hoja hii ina uzito. Mtu akiona jambo linaadhimishwa mahali pamoja, hudhani lilitokea mahali hapo pamoja. Lakini tusiwalaumu watu wa Songea kwa kuwatunza marehemu wao. Afadhali wengine nao tufanye kama wao.

Hoja ya pili ni ya mashujaa. Wapo wasemao mnara ni wa mashujaa, yaani viongozi na wapiganaji. Wengine huuliza, "Na yule mama aliyekufa na mtoto mgongoni akitafuta mizizi, yeye si wa vita hivi?" Sisi tunaona ni wa vita hivi, tena sana. Njaa ilikuwa silaha. Aliyeuawa na silaha ya vita amekufa vitani, hata kama hakushika mkuki. Kwa hiyo mnara unaotaja walionyongwa bila kutaja waliokufa kwa njaa umesema kweli, lakini umesema nusu.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi. Wale askari 73 na wasaidizi 316 waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika pia. Baadhi ya watawala wa jadi walisimama na Wajerumani, wakatoa watu wao kwenda kupigana. Tena waliuawa wamisionari, kama Askofu Cassian Spiss na wenzake, karibu na Liwale, tarehe 14 Agosti 1905. Je, hawa nao watajwe? Mmoja atasema, "Hapana, walikuwa maadui." Mwingine atasema, "Babu yangu alilazimishwa." Katika kijiji kimoja leo huenda wakakaa jirani wajukuu wa pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Kumtaja mtu katika habari si sawa na kumsifu. Habari kamili hutaja kila aliyekufa na kueleza alikuwa upande gani. Sifa ni jambo jingine.

Hoja ya nne ni ya fedha. Atasimama mtu aseme, "Mawe ya nini? Tunataka zahanati. Marehemu hawali saruji." Mtu huyu asifukuzwe barazani. Ana haki. Kijiji kisicho na dawa hakiwezi kuambiwa kijenge mnara wa fahari. Lakini kumbukumbu si lazima iwe mnara wa fahari. Kule Kilwa Kivinje, miaka 10 kabla ya Maji Maji, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga. Mahali pale watu walipaita Mwembe Kinyonga. Jina tu! Halikugharimu hata senti moja. Lakini jina lile limebeba habari hiyo tangu mwaka 1895.

6. MINARA NAYO HUONDOKA

Kuna watu wanaoamini kwamba kitu kikijengwa kwa jiwe au shaba, basi kimekaa milele. Sivyo.

Wakati wa utawala wao, Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita vya kuiteka nchi yetu. Walidhani itasimama siku zote. Mwaka 1916 Waingereza waliingia, wakaiondoa. Mwaka 1927 Waingereza wakasimamisha pale sanamu ya askari, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita ya 1914 hadi 1918. Hiyo ndiyo inayoitwa Sanamu ya Askari.

Tunajifunza nini hapo? Mnara husimamishwa na mwenye nguvu wa wakati ule. Nguvu zikihama, mnara nao huhama. Watu wa Maji Maji walishindwa vita, kwa hiyo kwa miaka mingi hawakuwa na mtu wa kuwasimamishia chochote. Walikumbukwa jikoni na kwenye moto wa jioni, bibi akimwambia mjukuu. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo yalipita njia hiyo.

7. MIFUPA ILIYO NG'AMBO

Lipo jambo jingine linalowauma watu hadi leo. Inasimuliwa Songea kwamba baada ya Nduna Songea kunyongwa, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukoo wake umeomba kirudishwe. Mtu huzikwa mzima. Kaburi lisilo na kichwa ni deni.

Jambo kama hilo limewahi kutokea. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kilichukuliwa. Mwaka 1954 fuvu lililotajwa kuwa lake lilirudishwa, na likawekwa katika makumbusho ya Kalenga, Iringa. Kwa hiyo kurudisha kunawezekana.

Lakini kazi si nyepesi. Mwaka 2023 taasisi moja ya mjini Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Mengi yalitoka Rwanda. Yaliyotoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania yalikuwa 202. Si yote ya vita vya Maji Maji. Mengine yalichukuliwa makaburini. Na tabu kubwa ni ile ile ya daftari. Waliochukua waliandika mahali na namba. Majina ya watu hawakuyaandika, isipokuwa mara chache sana.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikutana na wajukuu wa mashujaa, akaomba msamaha kwa waliyotendewa wazee wao. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea, ila hakuahidi kuwa litapatikana. Wapo waliosema msamaha umetosha. Wapo waliosema msamaha bila fidia na bila mifupa ni maneno matupu. Jadilini wenyewe.

8. DAFTARI LA KIJIJI

Sasa tuyarudie majina yale matatu ya Nandete. Hivi tunayajuaje? Hawakuwa watawala. Walikuwa wakulima kama sisi.

Tunayajua kwa sababu wazee waliyashika kwa zaidi ya miaka 60. Kisha mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai bado. Walikaa nao, wakauliza, wakaandika. Mzee alisema, kijana akaandika. Ni hivyo tu. Wangechelewa miaka 20 zaidi, wasingemkuta hata mzee mmoja aliyeyaona kwa macho yake.

Ndugu zetu, wakati ule kijiji kilingoja kijana wa Chuo Kikuu aje na kalamu. Leo kalamu tunayo wenyewe. Aliyeuona mwaka 1905 hayupo tena. Lakini wapo wazee ambao walikaa miguuni pa bibi aliyeuona. Wakiondoka hao, tumekwisha.

Tena si Maji Maji peke yake. Kila kijiji kina msiba wake: njaa, mafuriko, kivuko kilichozama, maradhi yaliyopita nyumba hadi nyumba. Kazi ni ile ile. Fanyeni hivi:

Kwanza, nunueni daftari moja lenye jalada gumu. Andikeni juu yake jina la kijiji na mwaka mlioanza. Kubalianeni katika mkutano nani atalitunza.

Pili, mwendeeni mzee nyumbani kwake, kwa heshima, asipokuwa amechoka. Msiende watu kumi. Wawili wanatosha, mmoja aulize na mwingine aandike.

Tatu, andikeni jina la anayesimulia, na aliyemsimulia yeye. Kwa mfano: "Amesema fulani, aliyesikia kwa bibi yake mzaa mama." Hivyo atakayesoma baadaye atajua habari imepita mikono mingapi.

Nne, mzee asipojua mwaka, msimlazimishe. Muulizeni kwa matukio. Ilikuwa kabla ya vita ya 1914 au baadaye? Mama yako alikuwa amezaliwa? Alikuwa ameolewa? Mwaka hupatikana polepole.

Tano, andikeni majina. Msiandike "watu wengi walikufa" mkaishia hapo. Ulizeni: "Katika ukoo wenu nani hakurudi? Aliitwaje? Na mkewe? Na watoto?" Ulizeni majina ya kina mama hasa, kwa sababu ndiyo husahauliwa kwanza.

Sita, andikeni mahali. "Chini ya mbuyu, ng'ambo ya kijito, upande wa jua linapochwea." Mbuyu ukianguka, daftari litabaki. Lakini msichimbe! Kuchimba mahali pa kale kunahitaji kibali cha serikali, na mifupa ikichezewa hovyo habari yake huharibika. Mkiona dalili ya makaburi, toeni habari kwa serikali ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Saba, wawili wakisimulia tofauti, andikeni yote mawili. Msimsahihishe mzee ili afanane na mwenzake. Anayeandika si hakimu.

Nane, nakilini daftari lote mara ya pili. Moja likae ofisi ya kijiji, jingine likae shuleni. Mchwa hawajui kusoma, wanakula tu.

Daftari hilo likiisha kujaa majina, basi mnaweza kukutana mkaamua: tuweke jiwe? Tupande mti? Tuyasome majina kwa sauti siku moja kila mwaka? Hapo mtabishana, na mtabishana vizuri, kwa sababu mtakuwa mnajua mnabishana juu ya nani. Mnara uliotangulia majina ni mawe tu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Boma: ngome au ofisi ya serikali ya wakati ule.
Nduna: mkuu wa vita au msaidizi wa mtawala, kwa Wangoni.
Kukisia: kutoa hesabu ya kukadiria, isiyo kamili.
Fidia: malipo kwa hasara au madhara yaliyofanyika.
Kunakili: kuandika upya maandishi yale yale.

HESABU

1. Askari 73 na wasaidizi 316 jumla ni wangapi?
2. Wajerumani walikisia watu 75,000. Gwassa alikisia mpaka 300,000. Kisio la pili ni mara ngapi ya lile la kwanza?
3. Kutoka mwaka 1905 hadi mwaka 1968 ni miaka mingapi? Mtoto aliyekuwa na miaka 12 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na miaka mingapi?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunajua idadi kamili ya waliokufa upande wa Wajerumani, lakini upande wa pili hatuijui?
2. Je, aliyekufa kwa njaa aandikwe kwenye mnara wa vita? Toeni sababu.
3. Kama kijiji chenu kingepewa fedha kidogo za kumbukumbu, mngezitumiaje? Kila mmoja aseme, kina mama nao waseme.
4. Nani katika kijiji chenu anajua habari za zamani ambazo hazijaandikwa? Nani atakwenda kwake, na siku gani?

Swali la 4 msilijibu kwa mdomo tu. Andikeni jina na siku kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.